MATEMBEZI YETU: Ua Kabla ya Tunda

Watu wa nchi za kaskazini wana majira yao ya kuchanua, yajayo baada ya theluji kuyeyuka. Na desturi yao ni kusafiri mbali wakaingia katika bustani za watu na kulipa kiingilio ili watazame maua tu, kisha warudi makwao. Sisi hatuna majira kama hayo, na kwa hiyo wako vijana wetu wadhanio kuwa hatuna msimu wa maua hata kidogo. Hilo si kweli. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka, uanzao kama Novemba na kwisha kama Aprili au Mei, majira ya maua ni ule mwisho wa kiangazi, ardhi ingali na vumbi, na mvua ya kwanza imekwisha kunyesha mara moja au mbili. Na ua lishindalo mengine yote kwa wingi wake na harufu yake, katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, si waridi wala si kilua. Ni ua la mbuni.

Mwezi huu, basi, twapenda kuwachukua wasomaji wetu hata shamba moja lililoko kilimani huko Mbozi, shamba la jamaa moja ya Kiislamu ambayo imetuomba tusiitaje kwa jina. Nasi twaona ni haki yao. Twaenda kuyatazama maua. Lakini ndani ya maua hayo limo jambo ambalo nyumba nyingi zimelijaribu na nyingine zimeumia kwalo, nalo hatutaliacha lipite.

Sisi tulifika kwa upande wa Tunduma, mji wa mpakani, ambao ng'ambo yake ni Nakonde, nchi ya Zambia. Mwenye kupita Tunduma hawezi kusahau msururu wa malori yaendayo Lusaka na Lubumbashi, wala reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975, ambayo yapita hapo kisha ikaendelea hata Vwawa na Mlowo. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulikatwa kutoka Mbeya mwaka wa 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Wageni wengi waingiao Mbozi hukiendea kile kimondo kikubwa cha chuma kilichoko Ndolezi, wakapiga picha na kuondoka. Ni kitu cha ajabu, hatukatai, ila si kitu ambacho jamaa imekipanda na kukipalilia.

Kabla hatujaondoka Tunduma, lazima tutaje biashara moja ya maua ambayo si ya kutazamwa. Katika milima ya kusini humea maua ya okidi, ambayo chini yake mna viazi vidogo. Viazi hivyo huchimbwa, vikavushwa mpakani, na huko Zambia husagwa pamoja na karanga na pilipili, vikapikwa chakula kiitwacho chikanda, ambacho hupendwa sana. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu walikadiria kuwa viazi vivushwavyo kwa mwaka ni mamilioni. Sasa, mwenye kuchimba kiazi cha okidi hachumi ua. Ameng'oa mmea wote, na mwakani hapana kitu pale. Mwaka wa 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulifanywa Hifadhi ya Taifa, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo. Tumelitaja hili kwa kuwa tulipofika Mbozi tulikuta namna nyingine ya kuuza ua, isiyohitaji jembe.

Sasa twendeni shambani. Shamba hilo limelala ubavuni mwa kilima, limekatwa makinga maji kama ngazi, na katikati ya mibuni imesimama migomba na miti ya kivuli. Tulifika siku ya pili ya kuchanua, asubuhi mapema. Kabla hatujaona kitu tulinusa. Wasomaji wetu wa pwani wajua harufu ya chumba cha bibi arusi, asumini zikiwa zimetandazwa kitandani. Hiyo ndiyo iliyotupokea njiani, tungali mbali na mbuni wa kwanza. Kisha tukapanda kidogo, kilima kikatufunukia. Kila tawi lilikuwa jeupe, maua yameshikana kifundo kwa kifundo tangu shina hata ncha, majani yamefichwa, na nyuki wakivuma kwa sauti moja isiyokatika. Mmoja wetu, ambaye ni mtu wa maneno mengi, alinyamaza kwa muda mrefu, nasi tukamshukuru Mungu kwa hilo pia.

Hiyo harufu ya asumini si dhana yetu peke yetu. Mfaransa Antoine de Jussieu, mwanachuoni wa mimea, alipouandika mbuni mwaka wa 1713 aliupa jina la asumini ya Kiarabu. Na ilikuwa baadaye ndipo Linnaeus, mwaka wa 1753, alipouandika Coffea arabica, jina liliopo hata leo. Kwa ukoo mimea hiyo miwili haihusiani. Na hilo jina la Kiarabu limekuja kwa njia ya haki, kwani ingawa mbuni asili yake ni Uhabeshi, watu wa kwanza kuufanya mbegu zake kinywaji cha kujulikana duniani ni Waislamu wa Yemen, katika karne ya 15. Masufi wa huko waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka wa 1511 liwali wa Makka aliipiga marufuku, akawafungia watu mabaraza ya kahawa, na amri yake haikudumu. Hayo wazee wa baraza zetu wanayajua. Ila huenda hawajui kwamba jamaa wanaoilima wengi ni wanywaji wa chai. Hata pale kilimani, katikati ya harufu ile, tulikaribishwa kwa chai ya maziwa.

Mwenye nyumba ni mama mjane wa umri wa miaka sabini na kitu. Mumewe marehemu ndiye aliyepanda mibuni ya mwanzo, na yeye mama ndiye aliyeichotea maji. Huyo mama ndiye aliyetueleza siri ya maua, kwa lugha nyepesi kuliko ya vitabu. Alisema mbuni hufunga macho yake wakati wa kiangazi. Vifundo vya maua viko tayari tangu Julai au Agosti, lakini vimelala. Mti wataka kwanza uone kiu, kisha uone mvua. Ikinyesha mvua nzuri ya kwanza, hesabu siku 8 hata 12, kilima chote kitachanua kwa pamoja, kama kwamba kimeitwa kwa jina. Ua halikai ila siku 2 au 3, kisha hugeuka rangi ya chai na kuanguka. Mvua za mwanzo zikija vipande vipande, mibuni nayo huchanua vipande vipande, na mwaka huo ni wa taabu, kwa kuwa matunda hayataiva pamoja, na mchumaji atalipanda tawi lile lile mara tano au sita.

Yeye hairuhusu dawa ya wadudu ipigwe maua yanapokuwa wazi. Ua la kahawa ya arabika laweza kujichavusha lenyewe, lakini wataalamu wamethibitisha kuwa nyuki huongeza matunda, na mama huyo alilijua hilo kabla hajaambiwa na mtaalamu. Mizinga miwili imetundikwa mwisho wa shamba. Ugonjwa wa chulebuni, uozeshao matunda mabichi, ulimsumbua miaka mingi, na mrututu ulimla fedha. Siku hizi sehemu ya juu ya shamba imepandwa miche ya chotara yenye kuhimili ugonjwa huo na kutu ya majani. Miche ya namna hiyo ni kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo ina kituo chake hapo hapo Mbozi, mahali paitwapo Mbimba. Kijana asemaye kuwa kilimo hakina elimu na aende Mbimba akaulize mche mmoja huchukua miaka mingapi hata uaminiwe.

Kilichotupendeza zaidi ni namna jamaa hii ilivyourithi mlima wao. Marehemu aliacha mjane, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Lau wangaligawa ardhi, kila mtu angalipata kijistari cha mibuni na ugomvi wa mpaka. Wao waliafikiana shamba libaki moja, kazi iwe moja, na kigawanywe kile kitokacho. Mjane ana thumuni yake. Kilichobaki chagawanywa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mjukuu wa kike, ambaye yuko kidato cha 3, alituonyesha hesabu yake katika daftari: katika kila shilingi 64, bibi ana 8, kila mwana ana 14, kila binti ana 7. Tulijumlisha mara mbili ikatoka sawa sawa. Binti mmoja ameolewa Mbeya, naye hupelekewa fungu lake kila mwaka bila ya kuliomba. Twalitaja hili kwa makusudi, kwani tumeona mahali pengi fungu la dada aliye mbali likigeuka kuwa zawadi ambayo kaka humpa apendapo.

Jambo lile tulilosema limo ndani ya maua lilitokea mbele yetu, baada ya sala ya adhuhuri.

Tangu ua lianguke hata tunda liive ni miezi kama 7 au 8. Katika Mbozi uchumaji huanza kama Mei ukaendelea kwa miezi kadhaa, kisha kahawa imenywe, ioshwe, ianikwe vichanjani, ipelekwe katika chama cha msingi cha ushirika, ambacho watu hukiita AMCOS, ingojee mnada, na baada ya hapo ndipo fedha zionekane. Lakini haja za nyumba hazingoji mnada. Novemba yataka mbolea. Januari yataka watoto warudi shule. Ni kweli Serikali iliondoa ada katika shule zake, mwaka wa 2016 hadi kidato cha 4, na mwaka wa 2022 kwa kidato cha 5 na 6; walakini sare, madaftari na nauli hazikuondolewa na mtu. Basi wakati kilima ni cheupe na mkoba ni mtupu, ndipo huja bwana mmoja mwenye fedha mkononi. Hutazama maua, hukadiria, hutaja bei. Huko Kagera biashara hii huitwa butura, na Serikali imeipiga marufuku. Lakini marufuku haijazi mkoba.

Tuseme mtu amepokea shilingi 200,000 wakati wa maua, kwa ahadi ya magunia 4. Wakati wa mavuno gunia lauzwa shilingi 120,000. Magunia yake yangemletea shilingi 480,000. Amekosa 280,000 kwa kuwa hakuweza kungoja miezi minane. Hatujui benki yo yote ambayo ingethubutu kuandika faida ya namna hiyo ubaoni.

Mwana wa mwisho wa yule mama hufanya biashara ya duka Tunduma. Alikuja siku ile kwa pikipiki, akaamkia, akakaa pembeni ya mkeka, kisha akasema mbele yetu bila ya kuficha, "Mama, nina mtu Tunduma ataka maua ya makinga ya chini. Fedha ziko tayari, zangojea neno lako tu."

"Zangojea neno langu, au zangojea maua yangu?" akauliza mama.

Kijana hakuwa mjinga, nasi hatupendi kumchora kama mjinga. Alikuwa na haja ya kweli: shehena ya bidhaa imekwama kwa fedha chache. Tena alikuwa na hoja. Alisema mwaka juzi mvua ya mawe iliwapiga, na jirani yao, ambaye alikuwa ameuza maua yake, alikula fedha zake akatulia, "sisi tulioshika maua yetu, Mama, tulikula harufu."

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Na yule aliyenunua, naye alikuwa na watoto."

Tulipolisikia neno hilo tulitazamana, kwani mama yule hajasoma vitabu vya fikihi, naye amefika mahali vilipofika. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza matunda yaliyo mtini yasiuzwe mpaka uzima wake udhihirike, na katazo hilo liliwashika muuzaji na mnunuzi wote wawili. Na katika mapokezi ya Anas bin Malik (r.a.) imeelezwa kuwa alama ya tende ni kuwa nyekundu, kisha ikaulizwa, ikiwa Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yasitoke, mtu ataila mali ya nduguye kwa haki gani. Hayo yalisemwa juu ya mitende ya Madina. Lakini nani awezaye kusimama mbele ya mbuni, ambao tunda lake huanza kijani likaishia jekundu, asione kuwa yamhusu?

Wako watakaosema, je, si sheria imeruhusu kulipwa kabla? Ndiyo, imeruhusu, na bei hiyo huitwa salamu. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja, au miwili, kabla; hakuwazuia, ila aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Wanavyuoni wakaeleza kuwa bei ilipwe yote pale pale, na kitu kisifungwe kwa miti fulani ya shamba fulani. Na muda ukifika kitu kikikosekana, mnunuzi ama angoje, ama arudishiwe fedha yake ile ile bila ya nyongeza. Sasa na apimwe huyo bwana wa Tunduma kwa mizani hiyo. Yeye ataka maua ya makinga ya chini, yaani miti fulani hasa. Na wengine wauzao magunia, mavuno yakikosekana, deni la magunia manne huwa sita mwakani. Mambo yo yote yenye utata na yaulizwe kwa mashekhe wa mahali. Ukurasa huu si wa fatwa.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Mama akaendelea, safari hii akimtazama mwanawe wa kwanza pia. "Makinga ya chini hayana jina la mtu. Dada yako yuko Mbeya, saba zake zimo katika kila tawi. Utamwuzia bila ya kumwuliza? Na huyu aliyepalilia jua lote la Agosti, naye utamwuzia?" Akamwonyesha mkaza mwanawe, ambaye alikuwa akichambua maharage wala hakuinua macho.

Kijana alisema, "Basi nifanye nini, Mama?" na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Tumeona nyumba nyingi zikiishia hapo: mkubwa ametoa hukumu, mdogo ameondoka na haja yake, na usiku ule ule amekwenda kuuza maua gizani. Hukumu bila ya msaada huwatia watu katika kificho. Hapa yule kaka mkubwa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fedha za maharage aliyouza mwezi ule. Hazikutosha haja yote. Zilifika kama nusu. Akasema azikopesha bila ya nyongeza, zilipwe katika fungu la mdogo wake kahawa itakapolipwa, na kahawa ikikosekana watakaa tena waongee. Mdogo wake alizitazama kwa muda. Hakufurahi, na hakuna aliyemtaka afurahi. Alisema atamwendea mwenye shehena amwombe achukue nusu kwanza.

Mama alitaka iandikwe, akatutaka sisi wawili tuwe mashahidi. Tulikubali kwa moyo, maana Qurani imetuamrisha deni lenye muda liandikwe, na ndugu ndio watu wasahauo kuliko wote kuandikiana. Daftari lile la hesabu lililetwa, na mjukuu wa kidato cha 3 akapiga magoti mkekani, kalamu mkononi. Maua mawili matatu yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi, yakianguka juu ya mkeka.

"Baba mdogo," akauliza, "niandike kilo au niandike shilingi?"

"Andika kilo," akajibu ami yake. "Bei ikipanda, kaka naye apate."

Bibi yake akatikisa kichwa. "Andika shilingi, mjukuu wangu, zile zile alizopokea. Kwa tarakimu, kisha kwa maneno."